Machimbo Yaliyo Chini ya Lami

Wasikilizaji, sehemu kubwa ya kokoto zinazojengea Dar es Salaam hutoka Lugoba, mkoani Pwani, zaidi ya kilomita 100 kutoka katikati ya jiji. Malori yake hupita Chalinze, Mlandizi na Kibaha, yanakuja yamesheheni na kurudi matupu. Jiji halina namna, kwa kuwa ukanda wa pwani umejaa mchanga, udongo na mwamba wa matumbawe, na jiwe gumu la kubeba barabara kubwa liko bara. Kwa hiyo kila kokoto iliyolala chini ya barabara za jiji imeshagharimiwa kwa baruti, kwa mtambo wa kusaga na kwa dizeli ya safari nzima.

Miaka 15 au 20 ikipita, barabara huchakaa. Linalofuata mara nyingi linajulikana. Kijiko kinang'oa lami pamoja na msingi wake, lori linabeba, na mzigo ule unaishia kuwa kifusi cha kufukia makorongo. Kisha malori yanarudi machimboni kufuata kokoto mpya za kuziba pengo lilelile. Fedha ya umma inanunua jiwe kwa mara ya pili, ilhali lile la kwanza lilikuwa bado lina kazi ya kufanya.

Mazungumzo ya leo yanahusu njia ya kuitumia barabara kuukuu kama machimbo. Barabara husagwa palepale ilipo, huchanganywa na kiasi kidogo cha lami na saruji, hushindiliwa, na kufanywa msingi wa barabara mpya.

Kwanza tuone barabara ya lami hufa vipi. Lami ni mabaki mazito ya mafuta ghafi baada ya petroli, mafuta ya taa na dizeli kutolewa. Ikiwa bado changa hunyumbulika: gurudumu zito likipita inabonyea kidogo sana na kurudi. Jua na hewa huikausha mwaka hadi mwaka, inakuwa ngumu, na hatimaye lori likipita haibonyei tena, inapasuka. Nyufa huanza katika njia ya magurudumu, zinaungana, hadi uso wote unakatikakatika vipande vidogo. Masika yakiingia, maji hupenya humo na kunaswa juu ya msingi. Kila gurudumu likikanyaga, maji hayo husukumwa nje kwa nguvu yakibeba udongo laini. Ndiyo yale matope ya kijivu yanayoonekana yametapakaa kandokando ya nyufa. Udongo ukitoka unaacha uwazi, lami iliyo juu yake inadidimia, na shimo linazaliwa.

Dawa iliyozoeleka ni kiraka. Viraka vikizidi, tabaka jipya la lami humwagwa juu ya lile la zamani. Kama msingi ni mzima, dawa hiyo inafaa. Kama msingi umelegea, nyufa za chini hupanda hadi juu ya tabaka jipya, na mchoro wake huwa uleule wa zamani. Mwananchi anaona barabara iliyozinduliwa juzi inapasuka, analaumu lami, na ugonjwa umekaa chini zaidi.

Njia ya kusaga barabara inashughulikia ugonjwa huo mahali ulipo, na kazi yake huanza na shimo. Kabla mtambo wowote haujafika, mafundi wa maabara huchimba mashimo ya majaribio na kupima kila tabaka kwa rula: lami ina unene gani, kokoto kiasi gani, changarawe kiasi gani, udongo wa chini ni wa aina ipi na umelowa vipi. Sampuli hupelekwa maabara, huchekechwa, huchanganywa na viwango mbalimbali vya lami na saruji, na kushindiliwa kuwa vibonge vya mviringo. Baadhi ya vibonge hulowekwa majini, kisha vyote hubanwa ubavuni hadi vipasuke. Tofauti kati ya nguvu ya kibonge kikavu na ya kile kilicholoweshwa ndiyo inayomwambia mhandisi kama barabara hiyo itaistahimili masika.

Siku ya kazi msafara huwa mrefu. Mbele kabisa saruji imeshatandazwa juu ya lami ya zamani. Katika miradi mikubwa inatandazwa na lori maalumu. Katika midogo vibarua hupanga mifuko ya kilo 50 kwa umbali uliopimwa, wanaichana, na kuisambaza saruji kwa mareki hadi barabara inageuka kijivu kutoka ukingo hadi ukingo. Juu yake hupita boza la maji na tenki la lami ya moto, na nyuma yao mtambo wenyewe, ukiyasukuma matenki hayo kwa chuma kilichoungwa mbele yake. Tumboni mwa mtambo kuna pipa la chuma lenye upana wa karibu mita 2.4, limejaa meno yapatayo 200 yenye ncha ngumu za kukatia mwamba. Pipa linazunguka, linakata lami na msingi kwa pamoja hadi kina cha sentimita 20 au 30 kwa mpito mmoja, na humohumo ndani ya sanduku lake maji na lami hudungwa katika nyenzo zinazorushwa.

Msikilizaji atauliza, na ni swali la haki: lami ya moto itashikaje kokoto baridi tena zenye unyevu? Kwa kawaida haishiki. Ndiyo maana mitambo ya lami hulazimika kuchoma kokoto hadi zikauke na kufika joto la zaidi ya nyuzi 150. Ufumbuzi wa kazi hii ya baridi ni povu. Tone la maji likidondokea kwenye karai la mafuta ya moto, mafuta huchachamaa na kuruka. Mtambo unaitumia tabia hiyo kwa makusudi. Ndani ya chumba kidogo, maji baridi kiasi cha asilimia 2 au 3 ya uzito wa lami hudungwa katika lami yenye joto la nyuzi 170 hivi. Maji hugeuka mvuke papo hapo, na lami inatanuka mara 10 au zaidi. Kwa sekunde chache inakuwa nyepesi kiasi cha kusambaa ndani ya nyenzo baridi na kunata kwenye chembe za vumbi laini. Vumbi hilo lenye lami ndilo linalozishika kokoto kubwa, kwa madoa madoa, bila kuzifunika zote. Matokeo yake hayafanani na lami nyeusi ya juu ya barabara. Ni msingi wa rangi ya kahawia iliyokolea, wenye mshikamano, usiomong'onyoka upesi ukipata maji.

Povu hilo hupimwa kabla kazi haijaanza, kwa ndoo ya chuma na kijiti chenye alama. Lami inafyatuliwa ndani ya ndoo, fundi anasoma kwenye kijiti imepanda mara ngapi, na saa mkononi inahesabu sekunde hadi povu linaposhuka nusu. Likishindwa kutanuka mara 8, au likianguka kabla ya sekunde 6, kazi inasimama mpaka sababu ijulikane: joto ni dogo, maji hayatoshi, au lami yenyewe haifai. Nyuma ya mtambo kuna kipimo kingine cha mkono. Msimamizi anachota konzi ya mchanganyiko na kuukamua kiganjani. Ukishikana bila kuchuruza maji, unyevu uko sawa.

Baada ya hapo zinaingia rola. Nzito yenye vinundu inashindilia sehemu ya chini, greda linasawazisha, rola laini na ile ya matairi ya mpira zinamalizia huku uso ukinyunyiziwa maji. Magari yanaweza kuruhusiwa kupita mapema, mara nyingi jioni ya siku ileile. Lami ya juu hutandikwa baadaye, unyevu wa msingi ukishapungua.

Fikra ya lami ya povu ilitoka kwa Profesa Ladis Csanyi wa jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1956. Yeye alitumia mvuke, na kubeba tanuri la mvuke kando ya barabara kulikuwa mzigo. Mwaka 1968 kampuni ya Mobil nchini Australia ilichukua haki za ugunduzi huo na kubadili mvuke kwa maji baridi, na kazi ikarahisika. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, wahandisi wa Marekani walianza kuitazama lami ya zamani kama mali iliyolala.

Barani Afrika, walioifanyia kazi zaidi fikra hii ni Waafrika Kusini. Kim Jenkins wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch aliiandikia tasnifu yake ya udaktari mwaka 2000, na mwaka 2002 nchi hiyo ikatoa mwongozo wake wa lami ya povu, uliopanuliwa mwaka 2009. Kanuni moja ya mwongozo huo inawahusu moja kwa moja wakandarasi wanaoamini kwamba saruji nyingi ndiyo nguvu nyingi. Katika msingi wa aina hii saruji isizidi asilimia 1. Ikizidi, msingi unakuwa mgumu usionyumbulika, unanywea unapokauka, unapasuka, na nyufa zake hupanda juu. Saruji hapa ni ya kusaidia lami kusambaa na kuupa msingi nguvu ya mwanzo. Kazi ya kudumu ni ya lami.

Je, njia hii inaweza kubeba malori mazito kweli, au ni ya barabara za vijijini? Jibu lilitafutwa mwaka 2011 katika jimbo la Virginia, kwenye barabara kuu namba 81, kusini mwa mji wa Staunton, katika bonde la Shenandoah. Hiyo ni njia ya malori ya masafa marefu. Ilijengwa enzi za miaka ya 1960, na kipande cha karibu kilomita 6 cha upande wa kwenda kusini kilikuwa kimekula viraka kwa miaka mingi bila kupona, kwa sababu tatizo lilikuwa msingi. Idara ya usafiri ya Virginia iliamua kutumia njia tatu za kurejeleza kwa pamoja katika mradi mmoja, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kufanyika kwenye barabara kuu ya aina hiyo nchini Marekani.

Njia ya kulia, inayobeba malori mengi, ilifanyiwa kazi kubwa. Lami ya zamani, unene wa sentimita 25 hivi, ilikwanguliwa na kurundikwa pembeni. Changarawe na udongo uliobaki chini vikasagwa palepale hadi kina cha sentimita 30 na kuchanganywa na chokaa na saruji. Lami iliyokwanguliwa ikapitishwa katika mtambo wa baridi uliosimikwa jirani, ikapewa lami ya povu asilimia 2 na saruji asilimia 1, ikarudishwa na kutandikwa upya. Juu ya yote ndipo ikaja lami mpya ya moto. Njia ya kushoto, ambayo haikuwa imeumia sana, ilisagwa sentimita 13 za juu tu na kufunikwa. Kwa muda wa matengenezo, magari madogo yalielekezwa barabara ya zamani namba 11 inayokwenda sambamba, na malori yakabaki kwenye njia moja. Barabara haikufungwa.

Watafiti wa jimbo hilo, Brian Diefenderfer na Alex Apeagyei, waliendelea kuipima. Baada ya karibu miaka 3 ya malori, mbonyeo katika njia ya magurudumu ulikuwa haujafika milimita 3. Wakati huohuo Virginia ilijenga vipande vya majaribio kwenye kiwanja cha mzunguko cha Chuo Kikuu cha Auburn, jimboni Alabama, ambako malori yaliyojazwa uzito makusudi huzunguka mfululizo na kuikusanyia barabara uchovu wa miaka mingi ndani ya muda mfupi. Vipande hivyo vyenye msingi wa lami iliyorejelezwa vilibeba mapito sawa na ekseli za kawaida milioni 20 katika mizunguko miwili ya majaribio. Kipande kimoja, kilichokuwa na tabaka lililoimarishwa kwa saruji chini yake, kilipita milioni 30.

Sasa tupige hesabu ya nyumbani. Chukua kilomita moja ya barabara yenye upana wa mita 6.5, na kina cha kusaga sentimita 20. Hizo ni mita za ujazo 1,300, uzito wa tani 2,800 hivi. Kuziondoa kwa malori ya tani 20 ni safari 140, na kuleta kokoto mpya ni safari nyingine 140. Zikisagwa palepale, kinacholetwa ni lami tani 62 hivi, kwa kiwango cha asilimia 2.2, na saruji tani 28, yaani mifuko 560, pamoja na maji. Malori machache yanatosha. Machimbo hayapasuliwi zaidi, kokoto hazichomwi, na zile safari 280 hazifanyiki kwenye barabara nyingine ambazo nazo zingeumia kwa kuzibeba.

Lami yenyewe inaongeza uzito wa hesabu hiyo. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, na kile cha Dar es Salaam kilikuwa kimeacha miaka mingi kabla. Lami ya Afrika Mashariki sasa hushuka bandarini kwa meli, nyingi kutoka nchi za Ghuba, na hulipiwa kwa dola. Tabaka la zamani linapotupwa makorongoni, lami iliyonunuliwa kwa fedha za kigeni inatupwa pamoja nalo.

Njia hii ina masharti yake, na anayeitaka lazima ayabebe yote. La kwanza ni maji. Kama mifereji ya pembeni imeziba, au barabara iko chini kuliko viwanja vinavyoizunguka, msingi mpya utalowa na kulegea kama wa zamani. La pili ni udongo wa chini. Mtambo unasaga sentimita 20 au 30. Mfinyanzi mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi unaendelea chini ya hapo, na unahitaji tiba yake. La tatu ni ulinganifu wa barabara yenyewe. Barabara iliyotiwa viraka vya kila aina, hapa zege, pale changarawe, kule lami nene, humpa fundi mchanganyiko unaobadilika kila mita 50, na mashimo ya majaribio machache hayatagundua hilo. La nne ni mabomba ya maji na nyaya zilizofukiwa juujuu mijini, ambazo meno ya mtambo hayawezi kuzitambua. Mitambo pia ni ghali, na haileti faida ikiitwa kwa kipande cha mita 300.

Lipo na suala la uzito. Majaribio makubwa yaliyofanywa Ottawa, jimboni Illinois, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli kwa barabara hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Maana yake ekseli iliyozidishwa kwa asilimia 20 inaumiza barabara karibu mara mbili. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ya mwaka 2016, iliweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima, na Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019. Msingi uliorejelezwa unasanifiwa kwa mzigo wa kisheria, kama msingi mwingine wowote. Mizani ikifumba macho, hesabu zote za maabara zinavurugika.

Wahandisi wetu hawaanzi kutoka sifuri. Mwongozo wa Tanzania wa usanifu wa tabaka za barabara, uliotolewa mwaka 1999, ulikwisha kuorodhesha misingi ya lami ya povu na ya emalsheni, ile lami iliyovunjwa kuwa vitone vidogo ndani ya maji, ambayo mafundi wengi wanaijua kwa kazi ya viraka. Kuimarisha changarawe kwa saruji au chokaa ni jambo la kawaida kwao kabisa. Tena barabara nyingi za mikoani zina lami nyepesi juu ya changarawe nzuri, hali ambayo meno ya mtambo huimudu bila taabu.

Kinachokosekana mara nyingi ni nafasi katika mkataba. Mhandisi mshauri akilipwa kusanifu barabara kwa kokoto mpya, atasanifu kwa kokoto mpya. Mkandarasi ambaye jedwali lake la bei lina mstari wa kung'oa na kutupa, atang'oa na kutupa. Kila zabuni ya ukarabati wa barabara ya lami inapaswa kudai mambo matatu kabla bei haijatajwa: mashimo ya majaribio kwa urefu wote wa barabara, matokeo ya maabara ya nyenzo zilizopo, na bei mbadala ya kuzirejeleza. Kama kurejeleza hakufai, ripoti iseme kwa nini, kwa takwimu, na ripoti hiyo isomwe na madiwani na wabunge wanaopitisha bajeti.

Wakala wa barabara unaweza kuanza na kipande kimoja cha kilomita 5 kwenye njia ya malori, mahali ambapo machimbo yako mbali. Nusu yake ijengwe kwa kokoto mpya na nusu kwa nyenzo zake zenyewe, na mkandarasi awe yuleyule. Kisha nusu zote mbili zipimwe mbonyeo, nyufa na gharama za matengenezo kila masika yanapokwisha, kwa miaka 10, na majibu yatangazwe kila mwaka.